Dripu Yangu, Chanjo ya Tunu

Mpaka leo, kila nikienda chooni, kabla sijamwaga maji nageuka kuangalia. Ni muda sasa tangu nipate nafuu, daktari ameniambia hivyo na kamera imeonyesha hivyo, lakini shingo inageuka yenyewe. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyegeuka leo asubuhi akaona damu, na mpaka saa hii hajamwambia mtu. Mimi nilikaa hivyo msimu mzima wa masika.

Naitwa Mwanaidi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninaishi Nguvumali, Tanga mjini, na mume wangu Athumani ambaye ni fundi umeme. Ugonjwa wangu ni vidonda vya utumbo mpana. Sitaeleza unatokana na nini, kwa sababu hata walionitibu hawakuniambia kwa hakika, na kwa sababu ukiwa nao hujali umetoka wapi. Unajali choo kiko wapi.

Kwanza nilitibiwa amiba, kisha taifodi, kisha nikaambiwa ni bawasiri. Mama mkwe wangu, anayeishi Moa karibu na mpaka wa Kenya, alinichemshia mizizi akaileta mwenyewe kwenye chupa. Mjomba wa Athumani akaniandikia kombe, maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji, nikanywa. Kila kitu kilisaidia kidogo, damu ikapungua, nikashukuru, halafu ikarudi. Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la pili. Meza yangu niliisogeza karibu na mlango. Watoto walizoea: nikiweka tu chaki mezani, walianza kusoma kwa sauti bila kuambiwa, na waliendelea kusoma ukurasa huohuo mpaka niliporudi. Hawakuwahi kuniuliza chochote, na mpaka leo nawashukuru kwa hilo.

Nilikonda. Magauni yakaanza kunizunguka. Nywele zilitoka kwa vishungi kwenye kitana, na magoti yakauma kama ya bibi kizee. Ulipofika mwezi wa Ramadhani sikuweza kufunga, nikawa nakula uji jikoni mlango ukiwa umefungwa, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu ambaye hakujua kwamba naumwa. Aibu ya ugonjwa huu haina mantiki. Unamwonea aibu hata anayekuhurumia.

Dada yangu Rukia anaishi Dar es Salaam. Siku aliponiona kwenye simu ya video alisema nipande basi kesho yake. Huko ndiko nilikopigwa kamera ya utumbo na ndiko ugonjwa ulikopata jina. Nikaanzishiwa vidonge vya steroidi vya kutuliza utumbo. Damu ilikatika haraka, lakini uso ukajaa ukawa wa mviringo, shingo ikanenepa, na mikono ikawa inatetemeka nikishika kalamu. Tulialikwa harusi mitaa ya Chumbageni, wanawake wakanipokea kwa furaha, wakasema Mwanaidi umenawiri, ndoa imekukubali. Nikacheka nao. Nilipopunguziwa vidonge, damu ikarudi kama vile ilikuwa imekaa nje ya mlango inasubiri.

Ndipo daktari wa tumbo kule Dar, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliponieleza kuhusu dawa za kibayolojia. Si vidonge. Unakalishwa kwenye kiti, unawekewa dripu, unakaa saa kadhaa, unarudi nyumbani, na baada ya wiki kadhaa unakwenda tena. Alisema haiponyi. Inaulaza ugonjwa. Kabla ya kuanza alinipima kifua kikuu na homa ya ini, kwa sababu dawa hii ikiulaza ugonjwa huwa inalaza na walinzi wa mwili, na vijidudu vilivyojificha vinaweza kupata nafasi ya kuamka.

Nilimuuliza nitaitumia mpaka lini.

"Mpaka itakapoacha kukufaa," alisema, "au mpaka mimi na wewe tuamue vingine. Wapo wanaokwenda nayo miaka mingi. Wapo ambao miezi tu mwili unaikataa. Wewe uko kundi gani, siwezi kukuambia leo."

Nilitaka tarehe. Sikupewa, na kukosa tarehe kumekuwa sehemu kubwa ya ugonjwa wangu kuliko maumivu yenyewe.

Baada ya dripu ya pili niliamka asubuhi nikaona nina njaa. Nilikula mihogo ya nazi, nikasubiri adhabu yake, haikuja. Siku chache baadaye nilikwenda chooni nikamwita Athumani aje aone. Alikuja mbio akidhani nimeanguka. Alipoona nilichomwitia, choo kisicho na damu, alisimama pale mlangoni akatabasamu, kisha akalia. Watu wazima wawili mbele ya tundu la choo. Kama hujawahi kuumwa hivi utaona ni kichekesho.

Maisha yakawa ya dripu. Bima ya ualimu ilibeba sehemu kubwa, na nguo zangu mbili zikawa zinakaa siku zote kwa dada Rukia, nilikokuwa nafikia. Kila safari ya Dar sikula chochote kuanzia jana yake, nikavijua vyoo vya Segera na Mkata kama navijua vya nyumbani, hata pale ambapo sikuvihitaji tena. Kwenye chumba cha dripu kulikuwa na viti vichache, na muuguzi anayeitwa Sista Agripina ambaye alijua mishipa yangu kuliko mimi. Kiti cha jirani alikaa Bwana Yohana, mfanyakazi wa kiwanda cha chai huko Amani, Mlutheri mcheshi, mwenye ugonjwa kama wangu. Tulikuwa wawili tuliotoka upande wa Tanga, basi tulikaa tukizungumza habari za nyumbani mpaka dripu zikaisha. Alikuwa amenitangulia kwa zaidi ya mwaka. Nikamfanya kipimo changu: maadamu Yohana anakuja, dawa inafanya kazi.

Vuli moja hakuja. Nilimuuliza Sista Agripina, akasema dawa imemkataa, atapangiwa mambo mengine. Safari iliyofuata kiti chake alikaa msichana mgeni. Sikuuliza tena kwa kuogopa jibu. Tangu hapo kila tumbo likinguruma, hata kwa maharage, nilijiambia zamu yangu imefika.

Wakati huohuo mama mkwe alikuwa na lake. Alikuwa ananipenda, sitaki mtu afikirie vingine, lakini alikuwa haelewi dawa anayopewa mtu mwenye afya. Akija kutoka Moa na nazi na dagaa zake, akinikuta napika, nacheka, alisema, "Mwanangu, umepona. Mtu aliyepona anawekewa maji ya dawa ya nini? Mie naogopa hiyo dawa itakukausha kizazi." Hapo alikuwa amegusa penyewe. Tulikuwa tumekaa miaka kwenye ndoa bila mtoto. Athumani alikuwa hasemi, lakini nilimwona anavyonyamaza mama yake akisema.

Nilipopeleka swali hilo Dar, daktari alinijibu kinyume kabisa. Alisema kama tunataka mtoto, wakati wake ndio huu, ugonjwa ukiwa umelala, na kwamba hatari kubwa kwa mimba ni ugonjwa kuamka, si dawa. Nisiache dripu.

Nilipata mimba kabla ya masika. Furaha yangu haikukaa siku nyingi. Niseme ukweli, nilianza kuogopa palepale kipimo kilipoonyesha mistari miwili. Nikikaa kwenye kiti cha dripu nilitazama matone yanashuka, nikajiuliza lile linaingia kwa nani. Mama mkwe aliposikia naendelea na dawa, hakunisemesha. Alizungumza na mwanawe nje, nami nikasikia kupitia dirishani. Alisema nitamwua mtoto kwa ubishi. Athumani alirudi ndani, akakaa kitandani, akaniuliza kama haiwezekani nikapumzika kidogo tu, mpaka nijifungue. Nilimwambia twende wote. Safari ile alikaa yeye mbele ya daktari akauliza yote aliyotaka kuuliza, hata yale niliyoona haya kuyauliza mimi. Daktari hakuchoka. Kwenye basi la kurudi Athumani alilala begani kwangu toka Chalinze mpaka Segera, na tulipofika nyumbani alimpigia mama yake simu, akamweleza taratibu neno kwa neno. Mama mkwe hakusema amekubali. Aliuliza tu dripu ya mwisho kabla ya kujifungua ni lini.

Lipo jambo moja daktari alilirudia mara nyingi, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Dawa niliyowekewa inapita kwa mtoto, na hubaki mwilini mwake miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Chanjo nyingi atachanjwa kama wengine, lakini zile zenye vijidudu hai zinasubiri. Na ya kwanza katika hizo ni ile ya kifua kikuu, ambayo kwetu mtoto huchomwa begani mara tu anapozaliwa. Wa kwangu asichomwe. Kinga yake bado haijasimama, chanjo yenyewe inaweza kumdhuru. Akaandika kwenye kadi yangu ya kliniki kwa wino mwekundu. Mimi nikamweleza Athumani, nikamweleza dada Rukia, na mama mkwe alipokuja kukaa nami mwezi wa mwisho nikamweleza na yeye. Alinisikiliza akiwa anakuna nazi, hakuinua uso. Sikujua kama amesikia.

Tunu alizaliwa kwa upasuaji, asubuhi, hapahapa Tanga. Nilirudishwa wodini miguu haina uhai, naona tumbo langu limekuwa bonde. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, upande wa dirisha, mbali kidogo na kitanda changu. Nilikuwa nasinzia nikaona muuguzi wa zamu mpya anapita kitanda hadi kitanda na trei yake, mtoto mmoja mmoja analia, begani, mwingine analia, begani. Alikuwa anafanya kazi yake, na kwa watoto wote wale ilikuwa kazi njema. Nilijaribu kuita. Sauti ikatoka kama pumzi. Nilijaribu kukaa, mwili ukakataa. Muuguzi akafika dirishani.

Mama mkwe akamgeuzia bega.

"Huyu hachomwi," alisema.

Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba watoto wote huchomwa, bibi asiogope, ni kidogo tu.

"Siogopi sindano. Wengine wachome wote. Huyu mama yake anatumia dawa, na dawa yenyewe imo mwilini mwa mtoto. Ukimchoma hiyo ya kifua itamdhuru. Mie kusoma kwangu ni kwa taabu, lakini kadi ile pale, soma wewe, kuna maandishi mekundu."

Muuguzi aliweka trei chini, akaichukua kadi. Akasoma, akaenda kumwita daktari wa zamu, na daktari akaja akanithibitishia kitandani kwamba chanjo itasubiri. Alipoondoka, mama mkwe alikuja akaniwekea mtoto kifuani. Nilikuwa nalia. Alinifuta machozi kwa pindo la khanga yake, akasema nisilie, kidonda cha tumbo kitauma. Jambo lile hatujawahi kulizungumza.

Sasa nilikuwa na mtoto asiye na chanjo ya kifua kikuu, nami mwenyewe nikiwa na dawa inayolaza walinzi. Kila aliyekohoa mtaani nilimsikia. Walipokuja majirani kunipongeza nilisikiliza vifua vyao kabla ya salamu. Mtu akipaliwa tu na chai nilitoka na mtoto. Nikajulikana kuwa Mama Tunu ana maringo.

Siku ya arobaini tulifanya dua ndogo nyumbani. Baba mkwe wangu, Mzee Hamisi, akaja kutoka Moa. Ni mkulima wa minazi na mihogo, mtu mrefu, mnyamavu, na Tunu alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa hajamwona. Nilitoka barazani kumwamkia, nikapiga goti, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba, na palepale akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha vumbi la njiani. Kilitoka mbali, kikamwinamisha. Nikaona kanzu inavyomkaa, na mifupa ya shingo ilivyochomoza. Alipopata pumzi alifuta mdomo, akatabasamu, akanyoosha mikono.

"Nipe mjukuu wangu."

Nilisema ananyonya, namleta sasa hivi. Nikaingia ndani. Nikamwambia Athumani baba yake anahitaji kupimwa, na kabla ya kupimwa asimpakate mtoto. Athumani alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akaniuliza kama nataka yeye, mtoto wa kiume, amwambie baba yake mbele za watu kwamba asimguse mjukuu. Nikasema ndiyo. Akasema hawezi, akatoka kwa mlango wa uani. Mimi mkwe, kumwambia baba mkwe neno kama lile kwa mdomo wangu, kwetu haifanyiki. Nilibaki chumbani nimemkumbatia Tunu, huku nje dua inaanza.

Mama mkwe alinikuta hivyo. Nilimwambia. Alisema kikohozi kile kina miezi, na kwamba yeye alikuwa anakisikia lakini alikuwa hataki kukisikia. Akatoka. Kupitia pazia nilimwona anainama sikioni kwa mumewe. Nilimwona Mzee Hamisi anasikiliza. Hakukasirika. Alirudisha mikono yake magotini, akasogeza mkeka wake mpaka ukingo wa baraza, upande ambao upepo unavuma kwenda nje, akakaa huko mpaka dua ilipokwisha. Alipoondoka aliniaga kwa mbali. Nililia siku ile kuliko siku yoyote ya ugonjwa wangu, kwa sababu nilikuwa naomba Mungu nionekane mjinga, kipimo kitoke safi, halafu niombe radhi.

Mzee Hamisi alikwenda kupima mwenyewe bila kusindikizwa. Mama mkwe ndiye aliyepiga simu. Alisema, "Mwanangu, baba yako ameanza vidonge," na nikaelewa.

Kilichofuata kilikuwa kaskazi ndefu. Tunu alichunguzwa, hakukutwa na kitu, lakini akaanzishiwa dawa ya kinga. Kila asubuhi tuliyeyusha kidonge kwenye kijiko, nikamshika kichwa, Athumani akammiminia. Athumani hakukosa hata asubuhi moja. Siku ya kwanza alimshika mtoto wake, akasema bila kuniangalia, "Ulikuwa sahihi." Nami sikutaka kuwa sahihi.

Mimi nilipigwa picha ya kifua, nikapimwa, nikapewa vidonge vya kinga vilevile, na daktari akasimamisha dripu yangu mpaka ajiridhishe. Nilijua kinachokuja. Kwanza magoti. Kisha tumbo kukatika alfajiri. Kisha siku moja nikageuka na damu ilikuwepo. Nilikuwa nanyonyesha, na nilikuwa nakimbia na mtoto mgongoni kwa kukosa muda wa kumshusha. Joto la msimu ule, jasho, maziwa, damu. Nilijiona naisha kwa pande zote.

Niliporuhusiwa dripu tena, nilikaa kwenye kiti nikiwa na furaha. Chupa haijafika nusu, nikahisi joto linapanda shingoni, ngozi ikaanza kuwasha, kifua kikabana. Sista Agripina alifunga dripu kabla sijamaliza kusema. Akanichoma sindano, akanishika mkono.

"Tulia, Mama Tunu. Niko hapa, siendi popote."

Aliifungua tena baadaye, polepole mno, tone kwa tone, akakaa kwenye stuli pembeni yangu mpaka mwisho. Daktari alikuja akanieleza kwamba mwili ukikaa muda bila dawa hii unaweza kujifunza kuikataa. Huenda umeanza, huenda ni mzio wa siku moja tu. Tutajua kwa dripu zinazofuata. Kama imenikataa, kuna dawa nyingine ya kujaribu, na hiyo nayo ikishindikana, kuna upasuaji wa kuutoa utumbo mpana.

Nilirudi Tanga nikifikiria Yohana. Basi liliposimama Muheza, wauza machungwa wakajazana madirishani, na nyuma yao nikamwona. Nilidhani macho yananidanganya. Alikuwa amenenepa, amevaa shati la maua, anasubiri gari la kupanda Amani. Nikashuka. Tuliamkiana kwa furaha, na kabla sijauliza alinyanyua ukingo wa shati, akanionyesha mfuko uliobandikwa tumboni mwake. Akasema aliulilia utumbo wake mwezi mzima kabla ya kukatwa, akidhani anakwenda kuzikwa. Sasa anafanya kazi, anaimba kwaya, anakula anachotaka.

"Dawa iliisha nguvu, mwalimu," alisema. "Mimi nipo."

Aliniwekea machungwa kwenye mkoba, nami sikumwambia kwamba tumbo langu wiki ile lilikuwa haliwezi machungwa. Nilipanda basi. Hofu haikuniacha, lakini kwa mara ya kwanza niliweza kuifikiria hiyo hatua ya mwisho bila kuziba macho.

Dripu iliyofuata niliandaliwa mapema kwa dawa za mzio, ikapita. Ya baada yake ikapita. Masika yalipoanza damu ilikatika, na haijarudi. Daktari anasema mwili wangu ulitishia tu. Kwenye kamera ya mwisho utumbo ulikuwa umetulia, na aliniuliza kama, baada ya miaka hii yote, ningependa tujaribu kuacha dawa tuone. Aliniambia wapo wanaoacha wakakaa salama, na wapo ambao ugonjwa hurudi, na ukirudi dawa ileile huenda isiwafae tena. Uamuzi akauacha kwangu. Nilimwambia kwa sasa naendelea. Mwingine angeamua vingine na asingekosea. Ninapimwa kifua, ninapimwa damu, na kila nikipata homa kidogo naenda hospitali bila kungoja ipite yenyewe. Hayo ndiyo malipo ya kukaa miaka na dawa hii, na mimi nayalipa.

Wewe uliyeona damu leo, mwambie mtu mmoja. Usianze na aliye karibu sana kama unaona haya. Mwambie dada aliye mbali, au mwenzako kazini. Ukifika kwa daktari uliza hata yanayokutia aibu, na nenda na mtu atakayekumbuka majibu, kwa sababu wewe utasahau. Na kama uko kwenye dripu na Mungu akakujalia mimba, waambie mapema wote watakaomshika mtoto wako kuhusu chanjo. Wote. Huwezi kujua ni nani atakayekuwa amesimama dirishani siku hiyo.

Tunu alichomwa chanjo yake vuli iliyopita, baada ya kumaliza dawa ya kinga na kutimiza mwaka. Alilia kidogo tu. Kovu limetoka begani, dogo kama punje ya mtama, na mimi nikimwogesha naligusa.

Mzee Hamisi naye alikuwa amemaliza vidonge siku nyingi, amepimwa, ameambiwa hana tena kifua kikuu na hawezi kumwambukiza mtu. Lakini tulipokwenda Moa mwanzo wa kaskazi tulimkuta bado anakaa peke yake mwisho wa baraza, na kikombe chake cha peke yake, na mkeka wake. Nilimwamkia, akaitikia kwa mbali. Mama mkwe alimwambia, "Baba Athumani, umeshapona, mpakate mtoto." Akasema amezoea hivi, na kwamba kumtazama kunamtosha.

Tunu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Nilimweka chini uani apate kuchezea mchanga. Alichezea kidogo, akasimama, akaanguka kwa makalio, akasimama tena, na akaanza kwenda upande wa babu yake, mikono juu, anayumba. Mzee Hamisi alimwona anakuja. Hakunyoosha mikono. Aliinua uso akaniangalia mimi.

"Mpokee, baba," nilimwambia.

Akamwinua, na Tunu akamvua kofia.